Kuangalia UFC laivu ukiwa Kampala

Mtu wa Afrika Mashariki anayefuatilia UFC, ile ligi ya Marekani ya MMA, yaani mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, huishi na saa mbili kichwani. Kwa miaka mingi, usiku mkubwa wenye mikanda ya ubingwa ulikuwa ukianza kadi yake kuu, yaani mapambano makubwa ya mwisho, saa 4 usiku wa Jumamosi kwa saa za New York. Kwetu hapo ni Jumapili, saa 11 alfajiri. Hiyo ni majira yao ya kiangazi. Mwanzoni mwa Novemba wakirudisha saa zao nyuma, sisi ambao saa zetu hatuzigusi mwaka mzima tulisubiri mpaka saa 12 asubuhi, na mambo yalikaa hivyo hadi Machi. Pambano la mwisho, lile ulilolingoja mwezi mzima, lilikukuta jua limeshatoka, watu wanakwenda kanisani na wakaanga chapati wamewasha majiko.

Ukiwa nyumbani hilo si tatizo. Unaamka, unawasha runinga, unajikunyata kwenye kochi na shuka lako. Maswali yanaanza ukiwa ugenini. Umeme utakuwepo? Sebule ya gesti inafunguliwa saa ngapi? Laini ina bando la kutosha? Na ile programu uliyolipia kwenu, itafunguka huku?

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nauza vitambaa, na biashara hiyo imenizoesha barabara ya Bukoba, Mutukula, Masaka mpaka Kampala. Nikifika hulala Kisenyi, kwenye gesti ya Hajati mmoja ambaye wapangaji wake wengi ni madereva wa malori kutoka Mombasa, wafanyabiashara wa Kongo, Wasomali, na sisi Watanzania. Kiswahili pale ndicho kinachofungua mlango. Ratiba za wauzaji wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, hazijali ratiba za UFC, kwa hiyo Jumapili nyingi za mapambano zimenikuta huko. Ninayoyaandika hapa ni yale yaliyonisaidia kutopitwa, kwa ajili ya mwenzangu anayesafiri na anayeupenda mchezo huu kama ninavyoupenda mimi.

Cha kwanza ni kuelewa kwamba malipo ya nyumbani hayavuki mpaka pamoja na wewe. UFC huuza haki za kuonyesha mapambano yake nchi kwa nchi, kanda kwa kanda. Marekani, mwaka 2024 na 2025, shabiki alilipa dola 79.99 kwa usiku mmoja wa mkanda kupitia ESPN+, tena juu ya ada yake ya mwezi. Kuanzia 2026 haki za huko zimehamia Paramount kwa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola bilioni 7.7, na yale malipo ya pambano moja moja yakaondolewa. Huku kwetu kusini mwa Sahara mapambano hayo yamekuwa yakionekana SuperSport, ndani ya kifurushi cha mwezi. Kila mwenye haki ana eneo lake, kama wakala wa bia aliyepewa wilaya, na hauzi nje ya hapo hata ukimfuata na pesa mkononi.

Eneo hilo hutambuliwa kwa anwani ya IP, yaani ile namba ambayo mtandao unaoutumia hukupa unapoingia intaneti. Programu inaisoma kabla haijakuonyesha picha yoyote. Ikikuona uko nje ya eneo lililolipiwa, inakuandikia kwa adabu kwamba maudhui haya hayapatikani mahali ulipo, basi. Haijalishi jina lako limo kwenye orodha ya waliolipa. Ujumbe huo niliwahi kuusoma saa 10 na nusu alfajiri, nimekaa kitandani na simu kifuani. Ni saa ambayo huwezi kumpigia mtu yeyote wa huduma kwa wateja.

Kijana wa mapokezi alikuwa macho. Alichukua simu yangu, akaitazama, akaniuliza kama nina VPN, yaani programu inayoficha anwani yako ya IP na kukuonyesha kana kwamba uko nchi nyingine. Uganda swali hilo ni la kawaida kabisa, na lina historia. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na watu wengi wakajifunza VPN ili kuikwepa tozo hiyo. Mwaka 2021 tozo ikafutwa na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Lakini Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, Facebook ikafungwa, na ufungaji huo ukaendelea miaka na miaka. Ndiyo maana Kampala VPN iko kwenye simu ya mwanafunzi, ya dereva wa bodaboda, ya mama muuza samaki. Wanaiwasha asubuhi na kuisahau.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Mimi nilidhani VPN ndiyo ufunguo. Yule kijana akanionyesha simu yake mwenyewe: ana programu halali ya Uganda, imelipiwa Uganda, na bado ilikuwa inamkatalia, kwa sababu VPN aliyoiwasha kwa ajili ya Facebook ilikuwa inaonyesha yuko Uholanzi. Akaizima. Ikafunguka papo hapo. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia programu yake ya michezo imegoma Kampala, namwambia kwanza azime VPN, halafu ndipo atafute sababu nyingine.

Kuhusu kutumia VPN ili kujifanya uko kwenu, nina msimamo. Masharti ya programu nyingi za michezo yanakataza, na kampuni zinazijua anwani za VPN maarufu na kuzifunga, mara nyingi wakati uleule watu wengi wanapoingia kwa pamoja, yaani saa ya pambano kubwa. Isitoshe, picha inayotoka kwenye mtambo wa kampuni inalazimika kwanza kwenda Amsterdam au London ndipo ije Kampala, na kila hatua inaongeza ucheleweshaji. Kwa Mtanzania kuna la ziada: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe. Sitaki kuvuka Mutukula nikirudi nyumbani na kitu kwenye simu ambacho sijakiandikisha.

Kuna njia nyingine ambayo wasafiri wengi hawaijui. Ukiiacha laini ya nyumbani iwe kwenye romingi, mara nyingi data yako hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti. Maana yake programu inakuona uko Tanzania ingawa umekaa Kisenyi. Hakuna ujanja wowote hapo, ndivyo romingi ilivyojengwa. Gharama yake ndiyo inayouma, na kasi yake haitabiriki. Mimi huitumia kwa jambo moja tu: kuingia kwenye akaunti na kupokea ule ujumbe wa namba za uthibitisho. Kazi ya picha naiachia laini ya Uganda, ambayo mgeni huisajili kwa pasipoti. Isajili siku ya kwanza, mchana, si Jumamosi usiku maduka yakiwa yamefungwa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nibadili kabisa namna ninavyotazama nikiwa safarini.

Agosti 2022 Kamaru Usman alikuwa anatetea mkanda wake dhidi ya Leon Edwards, Salt Lake City. Usman ni mzaliwa wa Auchi, Nigeria. Alikuwa ameshinda mara 15 mfululizo UFC, bado ushindi mmoja amfikie Anderson Silva, mwenye rekodi ya ushindi mfululizo. Nataka msomaji aelewe uzito wa siku zile. Tangu Machi 2021, Francis Ngannou wa Kameruni alipompiga Stipe Miocic raundi ya pili, Afrika ilikuwa na mabingwa watatu kwa wakati mmoja: Ngannou, Usman, na Israel Adesanya aliyezaliwa Lagos. Ngannou alianzia kwenye machimbo ya mchanga huko Batié akiwa mtoto. Watu ambao hawajawahi kupanda ndege waliamka alfajiri kuwaangalia watu hawa. Kwangu hizo ndizo zilikuwa Jumapili bora kuliko zote.

Nilikuwa nimejiandaa kutazama kwenye simu. Hajati akanikuta ukumbini ninatafuta soketi. Nikamwamkia, "Shikamoo Hajati." Akaitikia marahaba, akaniuliza kwa nini nakodolea kioo kidogo na sebule ina dishi. Nikamwambia sikutaka kuwaamsha watu. "Mwanangu," akasema, "mzee ameshawasha."

Mzee huyo ni kaka yake, mwanajeshi mstaafu, na gesti nzima inamwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka, hakina mapambo. Alikuwa amekaa na glasi ya chai ya tangawizi, na wengine watano au sita wamejibanza kwenye viti. Kwetu Mwanza pangeitwa kibanda umiza, tofauti ni kwamba hapa hakuna kiingilio.

Afande si mtu wa MMA kwa asili, ni mtu wa ngumi. Uganda ina haki ya kujivunia ngumi. Leo Rwabwogo alileta medali kutoka Olimpiki ya 1968 na tena ya 1972. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1979. John Mugabi, waliyemwita Mnyama, alichukua fedha Moscow 1980, akaja kuwa bingwa wa WBC mwaka 1989. Katikati ya hapo, Machi 1986, Mugabi alikwenda Las Vegas kupigana na Marvin Hagler. Afande anakumbuka siku zile. Walikuwa wameingia Kampala Januari ya mwaka huo na jeshi la NRA, na habari za pambano wakazipata kwa redio, baada ya kila kitu kwisha. Hagler alimwangusha Mugabi raundi ya 11. "Tuliambiwa tu ameanguka," Afande alituambia. "Ameangukaje? Kwa ngumi gani? Tulibaki kubishana wiki nzima, hakuna aliyeona."

Nimeyaweka maneno yake hapa kwa sababu yananieleza vizuri kwa nini sitaki kutazama marudio. Matokeo unaweza kuyapata popote. Kuona kwa macho yako, wakati hujui mwisho wake, ndiko kunakokufanya uwe shahidi.

Salt Lake City iko juu, kiasi cha mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Kampala yenyewe. Wapiganaji waliokuja na mapafu ya nchi tambarare huchoka mapema huko. Raundi ya kwanza Edwards alimwangusha Usman chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya UFC, akampanda mgongoni akitafuta roba. Sebule ikanyamaza. Raundi ya pili Usman akajirudi. Ya tatu yake, ya nne yake. Adhana ilikuwa imeadhiniwa zamani, tumeswali tumerudi, na mwanga ulikuwa umeingia dirishani. Raundi ya tano inaanza, majaji wote watatu wana 39 kwa 37 kwa Usman. Sisi hatukuziona kadi zao, lakini Afande alikuwa anahesabu kwa vidole na hesabu yake ilikuwa hiyohiyo.

Nje kwenye kibaraza kulikuwa na dereva kutoka Mombasa. Yeye alikuwa na programu yake kwenye simu, spika za masikioni, na alipenda kukaa peke yake.

Zimebaki sekunde 56. Edwards anarusha mkono wa kushoto kama anayetaka kupiga, Usman anainamisha kichwa kando, na mguu wa kushoto unamkuta hukohuko. Usman alianguka chali. Sisi wote tulipiga kelele kwa pamoja. Mimi niliupigia ukelele mkanda uliokuwa unaondoka, wengine waliipigia ile mbinu yenyewe, na Afande alisimama wima kama anayepokea saluti.

Dereva aliingia mbio. "Nini? Nani?" Kwenye simu yake Usman alikuwa bado amesimama. Alikaa nasi akashika simu mbele yake, na nusu dakika baadaye akaliona teke lilelile ambalo sisi tulikuwa tumeanza kulijadili. Uso wake sikuupenda. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Mombasa, ameamka usiku, amelipa bando, na bado pambano alilisikia kupitia ukuta.

Sababu yake haina uchawi. Dishi hupokea kutoka kwenye setilaiti moja kwa moja. Programu ya simu hupokea video iliyokatwa vipande vya sekunde chache chache. Kila kipande kinatengenezwa, kinapakiwa, kinashushwa, na simu huweka akiba ya vipande kadhaa kabla haijaanza kuonyesha, ili mtandao ukiyumba usione. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji. Nusu dakika ni kawaida kabisa. Kwenye mpira wa miguu unaweza kuvumilia. Kwenye mchezo ambao mkanda unaweza kubadili mwenyewe kwa teke moja, nusu dakika ni nyingi mno.

Kwa hiyo nikawa na utaratibu, na utaratibu wenyewe unaanza na watu. Nikifika mji wowote, kabla ya kutafuta programu, nauliza nani ana dishi lenye kifurushi chenye UFC na anaamka saa ngapi. Baa za michezo za Kabalagala hukesha, lakini kukesha Jumamosi si sawa na kuwa wazi Jumapili asubuhi, wakati pambano kuu linaingia. Wengi wakati huo wanafagia na kupandisha viti juu ya meza. Uliza mapema, tena muulize mwenye mamlaka ya ufunguo. Kama ni gesti, zungumza na mwenye nyumba siku mbili kabla na uchangie chai na umeme wa jenereta. Hajati hajawahi kunitoza, lakini huwa naleta mchele wa Magu kutoka nyumbani na yeye anaupokea kwa furaha.

Simu inabaki kuwa akiba, na akiba lazima iwe tayari kweli. Hapa nina hesabu ninayowapa watu. Picha safi ya 1080 inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, gawa kwa 8, unapata gigabaiti 2 na robo kwa saa. Kadi kuu yenye mapambano matano huenda saa mbili na nusu mpaka tatu, hivyo ni gigabaiti 6 au karibu 7. Ukitaka na utangulizi, zidisha mara mbili. Ukiishusha picha hadi 480, megabiti moja na nusu inatosha, na saa nzima haifiki gigabaiti moja. Kwenye kioo cha simu 480 inatosha kuona ngumi imetua wapi. Iweke kwa mkono kwenye mipangilio, usiiachie programu ichague yenyewe, maana ikiona mtandao umekaa vizuri dakika mbili itapanda juu, itakula bando, kisha mtandao ukilegea itakwama. Kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo nakichukia kuliko picha yenye ukungu.

Na ujue bando lako linakwisha saa ngapi. Bando la siku ulilonunua Jumamosi saa 12 asubuhi linaweza kukata Jumapili saa 12 asubuhi, katikati ya kadi kuu. Nunua usiku. Zima masasisho ya programu nyingine, maana simu nyingi huyashusha alfajiri ikidhani umelala. Pawabenki ijae. Plagi za Uganda ni zilezile za pini tatu za kwetu, hilo halina shida.

Kwa nini akiba, ikiwa dishi lipo? Kwa sababu ya mvua. Mawimbi ya setilaiti za runinga hufifia yakipita kwenye mvua nzito, na Kampala iko kando ya ziwa letu, inajua kunyesha alfajiri. Na kwa nini nisitegemee intaneti peke yake? Kwa sababu Uganda haina bahari. Intaneti yake kubwa hupandia pwani, Mombasa hasa, halafu husafiri nchi kavu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tukabaki tunasukuma ujumbe wa WhatsApp kama tunasukuma lori. Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Njia hizi mbili hazifi kwa sababu moja. Ndiyo maana nazitaka zote.

Agosti 2024 nililiona hilo waziwazi. Adesanya na Dricus du Plessis, Perth, Australia. Ingawa kule ilikuwa saa 4 asubuhi ya Jumapili kadi kuu ilipoanza, ratiba ilipangwa kwa ajili ya watazamaji wa Marekani, kwa hiyo kwetu ilibaki saa 11 alfajiri kama kawaida. Sebule ya Hajati ilijaa mapema, kwa kuwa hili lilikuwa pambano letu sisi kwa sisi. Du Plessis wa Afrika Kusini alikuwa amesema kwamba yeye ndiye bingwa wa kwanza anayeishi na kufanya mazoezi Afrika, tofauti na wale watatu waliokwenda kuishi ng'ambo. Adesanya aliumia, na kwenye mkutano na waandishi kabla ya pambano alitokwa na machozi. Mjadala sebuleni ulikuwa mkali kuliko ngumi. Mkongo mmoja alisema mtoto hakatwi ukoo kwa sababu alikwenda kutafuta maisha. Afande alisema mwenye kubaki nyumbani naye ana heshima yake, maana vifaa vya mazoezi nyumbani vinatafutwa kwa taabu. Mimi niko na yule Mkongo, na bado niko naye.

Raundi ya tatu mvua ikashuka. Picha ikaanza kukatika miraba miraba, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi ya kutafuta mawimbi. Simu ilikuwa tayari, imeshafunguliwa, VPN imezimwa, picha iko 480, nimeiacha inatembea bila sauti kwenye meza tangu pambano lianze. Nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Na kwa kuwa simu iko nyuma ya dishi, safari hii ucheleweshaji ulitupa zawadi: sekunde ambazo runinga ilikuwa imetunyang'anya tuliziona tena. Raundi ya nne Du Plessis akampata Adesanya mgongoni, akamkaba, na Adesanya akagonga kukubali. Vichwa karibu kumi juu ya simu moja. Hakuna aliyekosa.

Kuna mambo mawili madogo ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni simu yenyewe kukusaliti. Ukitazama kwa programu, zima taarifa za WhatsApp, za kamari na za habari za michezo, kwa sababu mwenye dishi Nairobi ameshajua na anaandika. La pili ni viungo vya bure vinavyozunguka Telegram usiku wa pambano. Nimeviona kwa wenzangu: vitufe vya uongo, matangazo ya kamari yanayofunika kioo, na picha hukatwa mwenye haki akivigundua, kwa kawaida pambano kuu likiwa limenoga. Lakini hata vingekuwa safi nisingevitumia. Mtu anayeingia kizimbani akapigwa teke la kichwa mbele ya dunia anastahili mtazamaji aliyelipa, au aliyekaa kwa aliyelipa.

Oktoba 2025 PFL Afrika, ligi nyingine ya MMA, ilifanya usiku wake Kigali, BK Arena, tarehe 18, siku ya Jumamosi. Kigali wako nyuma ya Kampala kwa saa moja tu. Nilimpigia Afande kumwambia. Hakuuliza chaneli wala bando. Aliuliza basi la Kigali linaondoka saa ngapi na tiketi ni kiasi gani, akaniambia nimwekee kiti cha dirishani.